Injini Kubwa Si Kibali cha Kuuziwa Turbo Kubwa

Leo naweka programu kando kidogo niseme juu ya magari. Wasomaji wangu msihofu, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujamaliza, maana siku hizi gari likikushinda ujue kuna tarakilishi mahali fulani inayokudanganya.

Nina neno na mafundi, wauzaji na washauri wa bure wanaosema kwamba ukishaongeza ujazo wa injini, kinachofuata ni kununua turbo kubwa zaidi. Wanalisema kama vile ni sheria ya maumbile. Kwa gari lenye turbo ya nyuma, ushauri huo ni mbovu. Unamaliza pesa za watu, na mara nyingine unamaliza hata hiyo injini mpya yenyewe.

Kwanza tuelewane. Turbo (si ule mji wa barabara ya Eldoret kwenda Webuye, jamani) ni mapanga mawili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panga la kwanza, yaani turbini. Turbini inazungusha la pili, kompresa, na kompresa inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi unaweza kuchoma petroli zaidi, na nguvu zinapatikana hapo. Wengi wetu tumeiona kwenye Subaru, imekaa chini ya boneti karibu kabisa na injini.

Sasa Marekani, mapema miaka ya 2000, kampuni ya STS ya jimbo la Utah ilianza kuuza vifaa vya kufunga turbo kule nyuma ya gari, mahali pa sailensa. Vilijulikana sana kwenye Camaro na Firebird zenye injini ya LS1 ya lita 5.7, magari ambayo chini ya boneti hayana nafasi hata ya kupitisha spana. Moshi unasafiri urefu wa gari mpaka kwenye turbini, halafu hewa iliyokandamizwa inarudi mbele kwa bomba lingine la kama mita 4. Ukiliona mara ya kwanza unacheka. Ukifanya hesabu, kicheko kinapungua.

Mpango huu una maadui wa aina mbili na wote wamekosea, ila kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza anasema moshi ukifika nyuma umeshapoa, kwa hiyo turbini haina cha kuizungusha. Wa pili ni rafiki wa mpango, na huyu ni hatari zaidi: anasema joto halina maana yoyote, kinachozungusha turbini ni mwendo wa moshi tu. Nilikaa na jedwali la hesabu jioni moja nikawapima wote wawili.

Chukua injini inayotaka kompresa ikandamize hewa mara 1.6. Kila kilo ya hewa inahitaji kama kilojuli 60 za kazi, ukikisia kompresa ina ufanisi wa asilimia 72. Kazi hiyo lazima itoke kwenye moshi. Moshi ukifika kwenye turbini ukiwa nyuzi 830 za Selsiasi, kama kwa turbo ya mbele, presha kabla ya turbini inahitaji kuwa mara 1.32 ya presha baada yake. Ukifika umepoa mpaka nyuzi 580, inahitaji kuwa mara 1.44. Kwa hiyo joto lina maana, na yeyote anayekwambia halina anakuuzia kitu. Lakini ngoja. Turbo ya mbele ina bomba zima na sailensa nyuma yake. Tuseme vitu hivyo vinazuia moshi kwa asilimia 15 ya presha ya angahewa. Zidisha 1.32 kwa 1.15, unapata 1.52. Turbo ya nyuma inatema moshi nje moja kwa moja, inabaki na 1.44. Ongeza msuguano wa bomba refu lililo mbele ya turbini, na mwishowe zinakaribia kulingana. Kilichopotea kwenye joto kimerudishwa kwa kukosekana kwa sailensa. Hakuna muujiza, na hakuna upuuzi pia.

Na ile hoja ya bomba refu la hewa kuchelewesha nguvu? Bomba la mita 4 lenye kipenyo cha milimita 63 linabeba lita 12.5. Ili presha ndani yake ipande kwa nusu ya angahewa unahitaji hewa ya ziada kama lita 6. LS1 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inameza kama lita 120 kwa sekunde. Lita 6 ni sehemu ya ishirini ya sekunde! Hata kupepesa jicho kunachukua muda zaidi. Uchelewesho wa kweli unatokana na uzito wa turbini na bomba la moshi ambalo halijapata moto, na dawa yake ni kulifunga bomba kwa kitambaa cha kuzuia joto. Kitambaa hicho ni rahisi kuliko chochote nitakachotaja hapa chini, na sijaona muuzaji anayekitaja kwanza.

Nimelazimika kuandika haya kwa sababu ya binamu yangu. Anaishi Dallas, anafanya kazi zamu za usiku, na raha yake pekee ni Camaro ya mwaka 2002 yenye vifaa hivyo vya turbo ya nyuma. Ameamua kuitoa LS1 na kuweka ile wanayoiita 408, yaani inchi za ujazo 408, ambazo ni karibu lita 6.7. Inajengwa kwa bloku ya chuma ya lita 6.0 iliyotoka kwenye malori madogo ya GM: silinda zinachongwa mpaka kipenyo cha inchi 4.030, na krenkshafti mpya inaipa pistoni mwendo wa inchi 4. Bloku ya LS1 yenyewe haiwezi, kuta zake ni nyembamba. Gereji moja kule ikamwambia turbo yake ya milimita 67 “haitoshi tena”, akapewa bei ya ya milimita 76 pamoja na kazi ya kuifunga. Hawakumpima chochote. Hawakumwuliza anataka presha gani. Waliuliza lita ngapi, wakafungua katalogi.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Tovuti inakuwa polepole, mkubwa anasema nunueni seva kubwa. Seva inaletwa, tovuti inabaki polepole, kwa sababu tatizo lilikuwa utafutaji mmoja kwenye hifadhidata usio na faharasa. Hakuna aliyepima. Kwenye programu hasara ni pesa na aibu. Kwenye injini hasara ni pistoni iliyotoboka.

Basi tupime. Binamu anataka presha ile ile aliyozoea, psi 7, si zaidi. LS1 yake kwa mizunguko 6,000 na presha hiyo inakula karibu kilo 24.8 za hewa kwa dakika. Injini mpya ina ujazo mara 1.18, kwa hiyo inakula kama kilo 29.2. Kila kompresa ina ramani yake ambayo mtengenezaji huichapisha, mchoro wa wingi wa hewa dhidi ya kiasi cha kukandamiza. Tuliweka nukta zote mbili kwenye ramani ya turbo yake. Ya pili imesogea kulia, karibu na ukingo, lakini iko ndani. Kompresa inatosha. Haina raha, lakini inatosha.

Isiyotosha ni nini? Hapa ndipo mambo yalipo.

Ya kwanza ni njia ya moshi. Injini mpya inatoa moshi zaidi kwa asilimia 18, lakini turbini haihitaji wote huo ili kutoa presha ile ile. Kwa hesabu yangu inahitaji kuupokea zaidi kwa asilimia 5 hivi. Uliobaki lazima ukwepe kwa valvu ya pembeni, ile mafundi wanaiita westigeti. Westigeti iliyochaguliwa kwa lita 5.7 ikishindwa kuupitisha, mambo mawili yanatokea pamoja: presha ya moshi kabla ya turbini inapanda kutoka 1.44 kuelekea 1.7 ya angahewa, na presha ya hewa nayo inapanda yenyewe bila kuamriwa. Dereva ameweka psi 7, geji inasema 9, kisha 11. Wakati huo huo moshi unaotaka kutoka una presha kuliko hewa inayotaka kuingia, kwa hiyo moshi moto unabaki ndani ya silinda na injini inaanza kugonga. Dawa ni westigeti kubwa zaidi, pamoja na kubadilisha nyumba ya turbini, lile ganda lenye umbo la konokono. Maganda haya huuzwa kwa namba inayoitwa A/R, na kutoka 0.68 kwenda 0.81 ni ongezeko la asilimia 19. Angalia tena ongezeko la ujazo wa injini: 18. Unabadilisha ganda, unabaki na turbo yako.

Hapo utasikia mtu akisema 0.81 ni ndogo mno kwa lita 6.7, rafiki yake ana 0.96 au zaidi. Muulize turbo ya rafiki yake imefungwa wapi. Moshi uliopoa kutoka nyuzi 830 hadi 580 umejikunja kwa zaidi ya sehemu ya tano ya ujazo wake. Jedwali la turbo za mbele halikuhusu. Ukilinakili utapata turbini inayolala mpaka mizunguko 4,000, halafu utalaumu mahali ilipofungwa.

Ya pili ni oili, na hii inaniudhi kuliko zote. Turbo ya mbele imekaa juu ya sampu: oili ikishalainisha beringi inateremka yenyewe kurudi kwenye injini. Turbo ya nyuma inaning'inia chini ya bodi, mita kadhaa kutoka kwenye sampu, na mteremko hakuna. Oili inarudishwa na pampu ndogo ya umeme. Wajenzi wengi wa injini za 408 huweka pampu ya oili ya injini yenye nguvu zaidi. Matokeo yake oili inafika nyuma kwa kasi kuliko ile pampu ndogo inavyoiondoa, inajaa kwenye nyumba ya beringi, inapenya sili, na gari linatoa moshi wa bluu kama matatu iliyochoka. Fundi anaangalia anatingisha kichwa: “Turbo imekufa.” Haijakufa! Imezama. Wanaitoa, wanafunga nyingine kubwa zaidi kwa pesa nyingi, nayo inazama vilevile. Kinachohitajika ni kizibo chenye tundu dogo kwenye mrija unaopeleka oili, kisha taa nyekundu kwenye dashibodi itakayowaka pampu ya kurudishia ikisimama. Fyuzi ya pampu hiyo ikikatika usiku kwenye barabara kuu bila wewe kujua, oili ya injini yote inatoka nje kupitia bomba la moshi. Ningeuza redio ya gari ninunue hiyo taa.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya badala ya kumjibu binamu kwa simu.

LS1 inaendeshwa na tarakilishi yake. Ina sensa inayopima wingi wa hewa inayoingia, na sensa hiyo haitoi namba, inatoa mapigo ya umeme. Ndani ya programu kuna jedwali la kugeuza mapigo kuwa gramu kwa sekunde. Jedwali hilo lina dari. Dari ni gramu 512 kwa sekunde. Msomaji aliyesoma sayansi ya tarakilishi ameshatabasamu: 512, mbili kwa kipeo cha tisa. Miaka ya 1990 mhandisi fulani alikata kumbukumbu pale, na alikuwa na haki, kwa sababu injini ile bila turbo haifiki hapo katu.

Sasa geuza kilo zetu. Injini ya zamani, kilo 24.8 kwa dakika, ni gramu 413 kwa sekunde. Salama. Injini mpya kwa presha ile ile, gramu 487. Bado salama, lakini umeona pengo lilivyobaki? Presha ikifika psi 8 tu, unagusa 512. Asubuhi ya baridi ya Januari kule Texas, hewa ikiwa nzito, unaweza kulifikia hata kwa psi 7. Na kumbuka ile westigeti ndogo inayoruhusu presha kutambaa mpaka 9. Hewa halisi inakuwa gramu 550. Tarakilishi inaona 512, inapima petroli ya 512. Hakuna ujumbe wa kosa wala taa. Mchanganyiko unakosa petroli kwa asilimia 7 wakati mguu uko sakafuni na mizunguko ni 6,000. Sote tumewahi kukutana na namba iliyofika mwisho wa kisanduku chake ikakaa kimya. Hii inakaa kimya ndani ya silinda yenye joto la kuyeyusha alumini.

Turbo ya milimita 76 ingefanya nini hapo? Ingemfikisha kwenye dari haraka zaidi.

Dawa zipo na zinajulikana. Ya kwanza ni ujanja: unakata kwa nusu namba zote za hewa na ukubwa wa injekta ndani ya jedwali, uwiano unabaki sawa na dari inasogea mbali. Mimi siupendi. Jedwali la cheche linasomwa kwa gramu za hewa kwa silinda, kwa hiyo nalo lazima ulipange upya, na giaboksi ya otomatiki hukadiria presha yake ya oili kutokana na namba hizo hizo. Umedanganya sehemu moja, itabidi ukumbuke uongo huo kila mahali. Ya pili ni safi zaidi: EFILive na HP Tuners wana mfumo uliorekebishwa wa tarakilishi hiyo unaokubali sensa ya presha ya angahewa 2 au 3, na hesabu ya hewa inafanywa kwa presha na joto, ile sensa ya mapigo inaachwa. Sensa ya kiwandani inasoma mpaka kidogo tu juu ya angahewa moja, kwa hiyo lazima ibadilishwe. Gharama ya yote haya ni sehemu ndogo ya bei ya turbo mpya.

Petroli nitaipitia haraka. Kwa kilo 29.2 za hewa, kila injekta inahitaji kutoa kama kilo 19 kwa saa, na hutaki ifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo nunua ya kilo 22 au 23, ambayo kwa namba za Wamarekani ni ratili 50. Pampu ya petroli ifuate. Giaboksi ya 4L60-E iliyoko kwenye Camaro yake inajulikana kwa kutopenda nguvu nyingi, hilo atalipia tu siku yake ikifika. Na kichujio cha hewa kilichokaa karibu na gurudumu la nyuma kinataka kinga ya matope. Ingekuwa barabara zetu za murram ningemwambia asahau mpango mzima.

Kuna watu watanijibu: mbona fulani aliweka turbo kubwa na gari linapaa? Sawa. Anayetaka psi 15 anahitaji kompresa kubwa, hiyo haina ubishi, nukta yake itakuwa nje ya ramani kabisa. Na kuna hali nyingine ambapo hoja yao ina nguvu: mwinuko. Dallas iko karibu na usawa wa bahari. Binamu angekuwa Nairobi, presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101. Ili kupata psi 7 zile zile, kompresa ingelazimika kukandamiza mara 1.72 badala ya 1.6, na kwenye ramani nukta yake ingesomeka kama kilo 31 kwa dakika ingawa injini inapokea chini ya 26. Inafanya kazi kubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi. Hapo ningetazama kompresa mpya bila kinyongo. (Ajabu ni kwamba Utah, mahali vifaa hivi vilikoanzia, nako ni nchi ya milima.) Lakini hata mtu wa Nairobi anafikia uamuzi huo kwa kusoma ramani. Kusoma namba ya lita kwenye kifuniko cha injini hakumwambii lolote.

Kwa sasa bloku ya binamu iko kwa fundi wa kukereza na LS1 ya zamani bado iko ndani ya gari, inatembea. Hiyo ni bahati. Nimemwambia achomelee nati moja kwenye bomba la moshi, sentimita chache kabla ya turbini, aunge mrija wa shaba wa kama mita moja ili joto lipungue, kisha afunge geji ya kawaida mwisho wake. Kazi ya nusu saa. Apande mizunguko mpaka 6,000 kwa gia ya tatu, rafiki asome geji ya moshi na ya hewa kwa pamoja, wanitumie namba. Kama presha ya moshi sasa hivi tayari imezidi ya hewa kwa lita 5.7, ganda la 0.68 linatoka kabla injini mpya haijaingia. Kama bado iko chini, westigeti peke yake huenda ikatosha. Ile gereji imempigia mara mbili kuuliza lini anatuma malipo ya awali.